Waya wa mita 20 au antena ya CB? Antena ya kwanza ya redio ya ridhaa

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Dodoma, nimepata leseni ya redio ya ridhaa na nina redio ya HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) ya wati 100. Nataka kuzungumza na wenzangu wa Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi kwenye bendi ya mita 40, na nikijaliwa nifike Ulaya. Muuzaji kaniuzia antena ya wima ya CB, urefu mita 5.5, akaniambia nikiweka tyuna itashika bendi zote. Mwanza hawanisikii, nami nawasikia kwa taabu. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, nyumba ya bati iko mbele, nyuma ni uwanja mtupu. Ninunue antena gani?

JIBU: Salaam, ndugu yangu, na hongera kwa leseni. Antena nyingine usinunue. Unachohitaji ni waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, kebo nzuri, mlingoti wa mita 9 hivi, na jioni mbili za kazi. Hiyo ya CB usiitupe, nitakuonyesha pa kuitumia.

Kwanza tuone kwa nini Mwanza hawakusikii. CB, redio ya raia isiyo ya ridhaa, iko kwenye 27 MHz, ambako wimbi moja lina urefu wa mita 11, mita 5.5 ni nusu ya wimbi, na hapo antena yako iko sawa kabisa. Kwenye 7.1 MHz, katikati ya bendi yako ya mita 40, wimbi lina mita 42. Antena ileile inakuwa kijiti cha takriban moja ya nane ya wimbi, tena chenye koili chini yake iliyotengenezwa kwa ajili ya 27 MHz. Tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha antena na redio, haigusi lolote kati ya hayo. Inachofanya ni kuiridhisha redio kwamba mambo ni shwari, huku sehemu kubwa ya wati zako ikiishia kwenye kebo na kwenye koili kama joto. Ukishika koili baada ya kurusha na ukaikuta moto, umeona wati zako zilikokwenda.

Tatizo la pili ni mwelekeo wa mawimbi. Kutoka Dodoma, Dar es Salaam iko takriban kilomita 400 kwa mstari wa moja kwa moja, Mwanza 500 na kidogo, Nairobi 550 hivi. Umbali huo ni mkubwa mno kwa mawimbi yanayotambaa ardhini, na ni mdogo mno kwa antena ya wima, ambayo hurusha chini chini kuelekea upeo wa macho; mawimbi yake yakiruka hadi tabaka la ayoni, lile la juu angani linaloakisi mawimbi ya redio, hurudi ardhini mbali, yakiwa yameshawapita watu wako. Unachotaka ni mawimbi yanayopanda karibu wima, yagonge juu kilomita 250 au 300, yashuke kama mvua juu ya Tanzania nzima na majirani zake. Antena inayofanya hivyo ni dipoli ya mlalo, yaani waya wenye mikono miwili sawa na kebo katikati, iliyofungwa chini kiasi, na uzuri wake ni kwamba huhitaji mnara. Mita 6 hadi 10 kwa bendi ya mita 40 ni kimo kizuri. Chini ya mita 4 ardhi inaanza kula nguvu zako. Juu ya mita 15 utaanza kuwapoteza wa karibu na kuwapata wa mbali.

Mchana kutwa 7 MHz itakupa hao wa Dar na Mwanza. Usiku tabaka la juu hupungua nguvu, wa karibu hufifia, na bendi hiyohiyo hufunguka kwenda mbali, Ulaya ikiwemo. Kwa hiyo wenzako wakikwambia "tukutane saa nne usiku" na usisikie kitu, usipande mlingotini kutafuta kosa.

Sasa vipimo. Urefu wote wa dipoli kwa mita ni 143 gawanya kwa masafa katika MHz. Chagua 7.1 kama katikati: bendi yetu, sisi tulio Kanda ya 1 ya ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), inaanzia 7.000 hadi 7.200, na dipoli moja inaimudu yote. Hapo unapata 7.074 wanakotumia FT8, ujumbe mfupi unaotumwa kwa kompyuta kupitia redio, na 7.110 ambayo Kanda ya 1 imeiweka kuwa kituo cha mawasiliano ya dharura. 143 gawanya kwa 7.1 ni mita 20.14, yaani mita 10.07 kila mkono. Lakini hesabu hiyo ni ya waya mtupu. Waya wenye ganda la plastiki hutaka kuwa mfupi kwa asilimia 3 hivi, na ncha zikiwa karibu na ardhi unapungua tena. Mwishowe utajikuta na mita 9.7 hadi 10 kwa mkono. Hata hivyo kata mita 10.5, kwa sababu waya hupunguzwa, haurefushwi. Sentimita 10 katika hizo ni za kufungia.

Nunua waya wa shaba wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, ule wa kufungia umeme wa nyumba. Uliza kama ni shaba tupu. Siku hizi dukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukikwangua kwa wembe unaona weupe ndani. Huo hukatika kwenye fundo baada ya miezi michache ya upepo, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe.

Kwa kiwanja chako, dipoli ya kunyooka kati ya nguzo mbili ingekula mita 20 na zaidi pamoja na kamba. Ifunge kama V iliyopinduliwa, mlingoti mmoja tu katikati. Chukua bomba la chuma la inchi moja na nusu, linauzwa likiwa na mita 6. Lichimbie sentimita 60 kwa zege, kisha funga juu yake mwanzi mkavu wa mita 4.5 ukiupishanisha na bomba kwa sentimita 50. Unapata kimo cha mita 9.4. Kamba tatu za kuushikilia zifungwe pale bomba na mwanzi vinapokutana, zikitanda pande tatu sawa. Kileleni weka kapi dogo la kuanikia nguo na upitishe kamba, ili uweze kushusha na kupandisha katikati ya antena bila kupanda. Watu wengi huliruka kapi, halafu wakifika kwenye kupima wanajuta, maana utashusha antena hiyo mara tatu nne kabla haijakubali.

Mikono ikishuka kutoka mita 9.4 hadi ncha zikawa mita 3 juu ya ardhi, inachukua upana wa mita 15 tu, na pembe ya kileleni inakuwa karibu digrii 100. Usiiache ishuke chini ya 90. Mikono ikibanana mno huanza kufutana. Mita 3 za ncha nazo ni za usalama: ncha za dipoli ndizo zenye volti kubwa kuliko sehemu yoyote, na mtoto akishika ukiwa unarusha wati 100 ataungua. Tandaza mikono mashariki na magharibi. Kwa 7 MHz na kimo hiki mwelekeo haujalishi sana, lakini kwa Ulaya, iliyo kaskazini ikielekea kidogo magharibi kutoka kwako, utafaidika tukifika bendi ya mita 20.

Iweke mbali na bati. Waya uliopita mita moja juu ya paa la bati unakuwa kama umelala chini: bati linaushusha masafa, linaubana, na kila karatasi iliyolegea yenye kutu kwenye msumari inaweza kuongeza makelele. Wewe una uwanja nyuma, utumie. Mkono wowote usiikaribie bati chini ya mita 3.

Insuleta za ncha unatengeneza mwenyewe kwa kipande cha bomba la plastiki au kibao cha plastiki cha kukatia nyama, ukitoboa matundu mawili. Kamba isiwe ya katani, hunyonya maji na kuoza, wala ile ya bluu ya plastiki, ambayo jua huigeuza unga. Kamba nyeusi ya poliesta hudumu. Ikiwa ncha moja itafungwa mtini, usiikaze. Ipitishe kwenye kapi na uning'inize ndoo ndogo ya mchanga upande wa pili, mti ukiyumba ndoo inapanda na kushuka, waya haukatiki.

Tuje katikati ya antena, ambako ndiko antena nyingi hufia. Kebo ya koaksi ikiungwa moja kwa moja kwenye mikono miwili, mkondo hautosheki na mikono. Mwingine hurudi kwa nje ya ganda la kebo na kuifanya kebo nzima iwe sehemu ya antena. Dalili zake: SWR (kipimo cha nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena, 1.0 ikiwa hairudi hata chembe) inabadilika ukishika kebo, maiki inakuchoma mdomoni, spika za televisheni zinaongea sauti yako, na mavumbi yote ya kelele za nyumbani yanaingia kwenye redio. Dawa ni choki, ambayo wengine huiita baluni ya 1:1. Zungusha RG-58 mara 10 hadi 12 kwenye duara la feraiti aina ya FT240-43, uweke ndani ya kiboksi cha plastiki cha umeme, na hapo ndipo mikono iungwe. Mchanganyiko namba 31 pia unafaa. Yale maduara ya njano na nyeupe yanayotolewa kwenye pawasaplai za kompyuta chakavu hayafai kazi hii hata kidogo, ingawa yanafanana kwa umbo. Ukikosa feraiti, chukua mita 4.5 za RG-58 uzizungushe mara 6 kwa upana wa sentimita 24 na uzifunge kwa tepu zikiwa zimelala kwa mpangilio. Kwa 7 MHz inatosha. Kwa bendi za juu haiaminiki.

Viungo vyote vilehemu. Kisha zuia maji: tepu ya mpira inayojishika yenyewe kwanza, juu yake tepu nyeusi ya umeme kuikinga na jua. Kiboksi kitoboe tundu dogo chini ili unyevu utoke. Kebo isining'inie kwa plagi yake. Ifunge kwenye kiboksi kwanza ili uzito ubebwe na ganda. Na pale inapoingia dirishani ipinde kwanza kwenda chini, matone yaangukie nje.

Kebo gani? Kwa mita 20 au 25 kwenye 7 MHz, RG-58 inapoteza chini ya desibeli 1, na hutaiona tofauti. RG-213 ni nene na ghali. Nunua kama baadaye utaendelea na 145 MHz, ambako mita 20 za RG-58 hula zaidi ya nusu ya nguvu zako. Ile kebo ya ving'amuzi, RG-6, imejaa madukani na bei yake ni ndogo. Ni ya omu 75, redio yako ni ya 50, lakini tofauti hiyo peke yake inakupa SWR ya 1.5 tu, na hasara zake ni ndogo. Shida yake ni ganda la alumini ambalo halikubali risasi ya kulehemu. Lazima utumie plagi zake za kubana na adapta. Nikichagua kwa ajili yako, ni RG-58 yenye ganda la shaba lililosukwa kwa wingi. Ukiichuna ukaona plastiki nyeupe inachungulia kati ya nyuzi, rudisha.

Kupima sasa. NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima antena, itakuonyesha mchoro mzima kwa mara moja, mradi umeisawazisha kwanza kwa vile vifaa vyake vitatu: wazi, fupi na mzigo wa omu 50. Kama huna, kipimo cha SWR cha CB kinatosha: rusha wati 5 hadi 10 kwa AM au CW (mawimbi matupu ya Morse) kwenye 7.010, 7.050, 7.100, 7.150 na 7.190, sikiliza kwanza bendi iwe tupu, taja alama ya kituo chako, na uandike namba. Pima antena ikiwa juu mahali pake. Ukipima ikiwa imeshushwa, unapima ardhi.

SWR ikipungua kadiri unavyoshuka masafa, antena ni ndefu. Ikipungua kadiri unavyopanda, ni fupi. Kiasi cha kukata hakibahatishwi: urefu ulio nao, zidisha kwa masafa iliyokubali, gawanya kwa masafa unayotaka. Tuseme una mita 20.8 zote, na SWR ya chini kabisa iko 6.80. Hiyo NanoVNA itakuonyesha. Kwa kipimo cha kawaida huruhusiwi kurusha nje ya bendi, hivyo utaona tu kwamba inateremka kuelekea chini. 20.8 mara 6.80 gawanya 7.1 ni 19.92. Unatoa sentimita 88, yaani 44 kila mkono. Usizitoe zote: toa 30 kila upande, pandisha, pima. Kuanzia hapo kumbuka sentimita 14 kwa kila mkono ni takriban 100 kHz. Mwishoni badala ya kukata, kunja waya urudi juu yake wenyewe na uubane kwa tepu, ukizidisha, unakunjua.

Usihangaike kuitafuta 1.0. Kwa SWR ya 1.5 zinarudi wati 4 katika 100, kwa 2 zinarudi 11. Redio nyingi huanza kujipunguzia nguvu baada ya 2, hivyo chini ya hapo kazi imekwisha. Tena SWR nzuri kupita kiasi iogope. Ikiwa inasoma 1.2 kwenye kila masafa unayopima, hata nje ya bendi, huna antena nzuri. Una kebo iliyonyonya maji, inayoteketeza kila kitu kabla hakijarudi. Na ikiruka ruka upepo ukivuma, kuna kiungo kilicholegea.

Bendi ya 7 ikishakaa sawa, ongeza Ulaya. Kwenye pointi zilezile mbili za kiboksi unga mikono mingine miwili ya bendi ya mita 20, kata mita 5.3 kila mmoja, utaishia karibu na mita 5. Itenganishe na waya mrefu kwa vipande vya bomba la plastiki la umeme, sentimita 15 karibu na katikati, pana zaidi kuelekea ncha. Zikigusana au kusokotana kila kitu kinavurugika. Masafa ya 14 MHz yataifuata mikono mifupi, ya 7 mirefu, bila swichi. Ukimaliza kuipima ya 14 rudi uangalie ya 7, huenda imesogea kidogo. Kimo cha mita 9 kwa bendi hii ni karibu nusu ya wimbi, na hapo mawimbi yanaanza kulala vizuri kwenda mbali. Jaribu kuanzia alasiri hadi jioni. FT8 kwenye 14.074 ni njia nzuri ya kujua unasikika wapi, ila punguza hadi wati 30 au 40: inarusha sekunde 13 mfululizo bila kupumua, na redio nyingi za wati 100 hazikujengwa kwa hilo. Zawadi ndogo: waya mrefu utakaribia kukubali 21 MHz pia, juu kidogo ya mpaka wa bendi wa 21.45, na tyuna ya ndani ya redio itamaliza pengo.

Na ile antena ya CB: ifupishe. Kutoka 27.185 kwenda 28.4 MHz unapunguza zaidi ya asilimia 4, sentimita 23 au 24 katika mita 5.5, na sasa una antena ya wima ya bendi ya mita 10. Kwa 28 MHz antena ya wima inafaa, kwa sababu bendi hiyo ikifunguka ni ya mbali tu. Kama ina fimbo ndogo za chini zifunge zote, na uiweke juu ya paa ikiwa wazi pande zote. Lakini leseni yako ya ridhaa haihusu chaneli za CB, hivyo usiirudie 27 MHz kwa redio yako ya HF hata kama kuna fundi anayejua kuifungua. Ndugu mwenye CB kwenye lori aambiwe tu hivi: kitako cha sumaku katikati ya paa, apime chaneli ya 1 na ya 40, SWR ikiwa kubwa zaidi kwenye 40, antena ni ndefu, ikiwa kubwa zaidi kwenye 1, ni fupi.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, angalia nyaya za TANESCO. Mlingoti ukianguka upande wowote, pamoja na waya wake, usifike kwenye nyaya hizo. Wala usitupe kamba juu ya laini ya umeme ili kuvuka upande wa pili, hata laini ya kuingia nyumbani.

Radi hushughulikiwa kwa kukata. Kebo ikifika ukutani kwa nje ipite kwenye kizuia radi cha gesi kilichofungwa kwenye fimbo ya ethi, na fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya umeme wa nyumba, zisiwe ethi mbili zinazojitegemea. Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mkavu na hupitisha umeme vibaya. Fimbo moja ya mita 1.5 ni kidogo, weka mbili zikiachana mita 3. Hata hivyo kizuia radi hakihimili pigo la moja kwa moja. Kuanzia Desemba hadi Aprili, ukimaliza kuzungumza chomoa kebo na uiache nje ya ukuta. Kuiingiza kwenye chupa ndani ya chumba, kama wanavyofanya baadhi, ni kumkaribisha mgeni sebuleni na kumnyima kiti.

Ukimaliza yote ukakuta sindano ya redio inayopima nguvu ya mawimbi yanayoingia imekaa S7 au S9 kwa kelele tupu, usiilaumu antena bado. Endesha redio kwa betri ya gari, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikishuka, mkosaji yuko ndani: washa saketi moja moja. Wa kwanza kuwashuku ni balbu za LED za bei ya chini, halafu chaja za simu, halafu inveta na kidhibiti chaji cha sola, ambavyo husikika kama mngurumo unaojirudia kila baada ya kHz kadhaa na kunyamaza jua likizama. Zungusha nyaya za paneli mara 8 hadi 10 kwenye feraiti ya mchanganyiko 31 karibu na kidhibiti, chanya na hasi pamoja. Kelele isiposhuka umeme wote ukiwa umezimwa, inatoka kwa jirani au kwenye laini. Tembea mtaani na redio ndogo ya AM, iweke mahali pasipo stesheni, na usikilize inapozidi.